Kwanza Kisia, Kisha Rusha

Pakacha lilikuwa limetobolewa kitako na kutundikwa kwa misumari miwili juu ya ubao, katika darasa la Gredi ya 5 kwenye shule moja ya Kisauni, Mombasa, hapa Kenya. Mpira ulikuwa wa makaratasi ya madaftari ya zamani, umeviringwa na kufungwa kwa uzi wa katani hadi ukakaza. Mwalimu alichora mstari wa chaki sakafuni, hatua nne kutoka ukutani, akamwita mvulana ambaye darasa zima lajua kuwa mkono wake haukosi. Mvulana akainua mpira.

"Ngoja," mwalimu akamwambia. "Bado hatujakisia."

Kila mtoto akapewa kipande cha karatasi aandike: utaingia au hauingii, kama hauingii, utapita juu, utaanguka njiani, au utagonga wapi. Na sababu. Ikapita kama dakika tatu hivi, mvulana amesimama pale mstarini, mpira anauhamisha mkono huu na huu. Aliporuhusiwa alirusha kwa nguvu, moja kwa moja, na mpira ukagonga mdomo wa pakacha ukarudi miguuni pake. Mwalimu akaanza kusoma karatasi. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye sikuwa nimemsikia sauti tangu niingie, alikuwa ameandika: "Hauingii. Utagonga mdomo kwa sababu yeye arusha kama atungua embe."

Sentensi hiyo haijanitoka kichwani. Mtoto yule ametenganisha mirusho miwili: wa kutungua, unaoiendea shabaha kwa njia iliyonyooka, na wa kupandisha, unaoutaka mpira upae kwanza ndipo ushuke. Ameitenganisha kwa maneno yake, akatoa sababu, na ameyasema yote hayo kabla mpira haujatoka mkononi. Mvulana alifanya mazoezi ya mkono. Msichana alifanya sayansi. Na kilichompa nafasi hiyo ni zile dakika tatu za kungoja.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu siku hizi kila mtu asifu kujifunza kwa kucheza, na sifa zenyewe zimekuwa nyepesi. Nimewahi kuhudhuria vipindi ambapo watoto hutolewa nje, hurusha mpira kwa nusu saa, hupigwa picha za kutumwa kwenye kundi la wazazi, kisha hurudi darasani kunakili maana ya kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, kutoka kitabuni. Mpira na kitabu havikukutana hata mara moja. Kama kurusha peke yake kungetosha kumfundisha mtu fizikia, watoto wa Mombasa wasingehitaji mwalimu, maana wao hurusha tangu wajue kusimama: mawe kwenye miembe, gololi kwenye mchanga, mpira kwenye mchezo wa kati. Miili yao yajua mengi sana. Kazi ya darasa ni kuutoa ujuzi huo mkononi na kuuweka mahali ambapo mtoto aweza kuutazama, kuupima na kuubishia.

Nitachukua mfano mmoja niueleze kwa kirefu, kwa kuwa ndio niliouona ukifanya kazi vizuri kuliko yote.

Ringi ya mpira wa vikapu ina upana wa sentimita 45. Mpira wa wanaume una upana wa karibu sentimita 24. Mtoto akisikia hivyo husema papo hapo kwamba nafasi ni tele, karibu mipira miwili ipite bega kwa bega. Kwa mpira unaodondoka wima kutoka juu, ni kweli kabisa. Lakini uwanjani mpira hauji wima. Waja ukiwa umelala kidogo au umelala sana, na hapo nafasi huanza kupungua ingawa ringi haijabadilika.

Mwalimu yule wa Kisauni aliwakatisha watoto ringi za kadibodi zenye uwazi wa sentimita 15, kisha wakaviringa vipira vya karatasi vya sentimita 8. Uwiano ni ule ule wa uwanjani. Mmoja huishika ringi ikiwa imelala kama sinia. Mwenzake hufumba jicho moja, akaitazama kutoka juu, kisha akashusha kichwa polepole hadi jicho likaribie usawa wa ringi, akisema anachoona. Nilisimama karibu na kikundi cha mwisho nikasikia: "Duara... duara... yai... yai jembamba... sasa ni kama jicho la mtu asinziaye... sasa ni ufito." Wakacheka, wakabadilishana, kila mmoja akataka kuliona yai kwa jicho lake.

Baada ya hapo wakafungua madaftari. Walichora mstari wa sentimita 15, ambao ni ringi ikitazamwa kutoka ubavuni. Kutoka kila ncha wakachora, kwa kipimapembe, njia ambayo mpira wafuata: kwanza kwa digrii 60, halafu 45, halafu 30. Kazi iliyobaki ni ya rula, kupima nafasi iliyopo kati ya njia mbili. Kwa digrii 60 wengi walipata karibu sentimita 13. Kwa 45, sentimita 10 na nusu na kitu. Kwa 30, sentimita 7 na nusu. Mipira yao ilikuwa ya sentimita 8.

Darasa likalipuka. Mpira wa sentimita 8 hauwezi kupita kwenye uwazi wa sentimita 7 na nusu bila kugusa ringi, awe ameurusha nani. Ukirudi kwenye vipimo vya uwanjani ni yale yale: kwa digrii 30, ile ringi ya sentimita 45 imebaki sentimita 22 na nusu mbele ya mpira wa 24. Kila kocha huwaambia vijana wake waupandishe mpira. Watoto hawa sasa wajua ni kwa nini, na hawakuambiwa na mtu, wamepima wenyewe.

Mvulana wetu wa mkono usiokosa alikuwa ametulia muda mrefu. Akainua kidole. "Mwalimu, kwa hivyo nikirusha juu kabisa, karibu na dari, si ndio bora zaidi?" Swali zuri kuliko yote ya siku ile. Mwalimu hakulijibu. Alimwambia akisie, kisha ajaribu. Alijaribu mara sita, akagundua kwamba mrusho wa juu kabisa wataka nguvu nyingi, na nguvu ikizidi kidogo tu mpira waenda mbali na pakacha. Kuna pembe ya katikati ambapo mkono hutumia nguvu ndogo na kosa dogo halikuharibii mrusho. Kwa mtu mzima anayerusha mrusho wa adhabu, mita 4.6 kutoka kwenye ubao ulio nyuma ya ringi, hesabu za fizikia huiweka pembe hiyo karibu digrii 50 au juu yake kidogo. Kutoka lile yai hadi hapo pamepita dakika arubaini.

Ni vyema kukumbuka kwamba mchezo wenyewe ulitoka kwa mwalimu aliyekuwa na shida darasani. Desemba 1891, huko Springfield, Massachusetts, James Naismith, Mkanada aliyefundisha mazoezi ya viungo katika chuo cha YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, alipewa wiki mbili abuni mchezo wa kuchezwa ndani wakati wa baridi kali, na darasa lenyewe lilikuwa la vijana wakaidi. Aliona kwamba goli likiwa chini, watu hulipigia mpira kwa nguvu na kuumizana. Akakumbuka mchezo wa mawe aliocheza utotoni Kanada, ambapo aliyerusha jiwe kwa upole likapaa na kushuka alifaulu kuliko aliyelivurumisha. Basi akaliweka goli juu, likiwa limelala, ili mpira ulazimike kupandishwa. Aliomba masanduku mawili. Mtunza jengo akamletea vikapu viwili vya matunda ya pichi, vikatundikwa kwenye ukingo wa roshani uliokuwa futi 10 kutoka sakafuni. Ringi hadi leo iko futi 10, yaani mita 3.05. Vikapu vile havikutobolewa kitako, kwa hiyo kila mpira ukiingia ilibidi mtu apande kuutoa. Nililipenda lile pakacha la Kisauni kwa sababu hii: mzee Naismith angelitambua mara moja. Sisi wa Pwani tuna pakacha, tuna tenga, tuna kikapu cha miyaa. Hatuna haja ya kungoja mfadhili alete ringi ya chuma ndipo tuanze.

Michezo mingine nitaitaja kwa haraka. Mdundo ni rahisi na ni mtamu. Bandika karatasi ndefu ukutani yenye alama za sentimita, achia mpira kutoka mita 1, mtoto mmoja achuchumae aone umefika wapi. Tuseme umefika 60. Sasa uliza kabla ya kuachia tena: ukiachiwa kutoka 60, utafika wapi? Wengi watasema 20, kwa sababu umepungua 40 na watarajia upungue 40 tena. Utafika karibu 36. Kinachojirudia ni sehemu, si kiasi, na hapo somo la sehemu katika hisabati lapata mwili. Ukitaka kwenda mbele, uliza ile nishati iliyopotea imekwenda wapi. Mtoto aliyezoea kusikiliza atasema yasikika: ule mlio wa mpira ukigonga sakafu. Kweli, kidogo imetoka kama sauti, na nyingi imekuwa joto ndani ya mpira na sakafuni. Mipira rasmi hupimwa kwa njia hii hii: huachiwa kutoka mita 1.8, na ni lazima udunde kupita mita 1.

Mdako nao wanistaajabisha kila nikiufikiria. Mchezaji arusha kijiwe juu, na kabla hakijarudi awe amezoa vijiwe vingine na kuwahi kukidaka. Kila msichana aliyecheza mdako barazani Majengo ajua kwamba akitaka kuzoa vingi ni sharti arushe juu zaidi. Mara ngapi zaidi? Kijiwe kikipanda sentimita 30 hukaa hewani karibu nusu sekunde. Ili kikae sekunde nzima, lazima kipande sentimita 120. Muda mara mbili, urefu mara nne. Ni kanuni hiyo hiyo inayomfanya mchezaji wa vikapu aonekane anaelea. Mtu anayeruka sentimita 60 hukaa hewani sekunde 0.7 tu, lakini nusu ya muda huo huitumia kwenye zile sentimita 15 za juu, anapokaribia kilele na kuanza kushuka. Jicho latazama pale juu, laona mtu amesita. Hapo Michael Jordan na msichana wa Majengo wanafuata sheria moja ya mvutano wa dunia, na watoto wakipewa chaki waguse ukuta wakiwa wamesimama, kisha wauguse wakiwa wameruka, wanaweza kukokotoa wao walielea kwa muda gani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naamini ndilo zito kuliko vifaa, nalo ni lugha.

Yule msichana aliandika kwa Kiswahili. Kwa utaratibu wa nchi yetu, kuanzia Gredi ya 4 masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na somo la sayansi limo. Mwalimu aliwaruhusu wakisie kwa lugha yoyote, kisha baadaye akawapa majina ya Kiingereza yatakayowafaa mtihanini. Mpangilio huo ndio uliomwokoa mtoto. Neno "kutungua" lina picha ndani yake: jicho limekazwa, mkono umenyooka, kitu kinakwenda moja kwa moja. Mtoto wa Kisauni analo neno hilo tangu akiwa na miaka minne. Vivyo hivyo "kudunda", "kuteleza", "kupepesuka", "kuyumba", "kukita". Haya ni maneno ya fizikia kamili, yamejaa uchunguzi wa vizazi. Ukimzuia mtoto kuyatumia hadi apate la Kiingereza, umemnyang'anya chombo cha kufikiri wakati ule anapokihitaji. Atanyamaza, na mwalimu atadhani hajui.

Mimi nalijua hilo kwa sababu niliishi hivyo. Katika shule niliyosoma tulinakili maana ya msuguano kwa Kiingereza mara tatu, tukaikariri, tukaitoa kwa sauti moja. Alasiri ile ile ikanyesha. Tulitoka kucheza kwenye uwanja wa saruji uliolowa, na rafiki yangu akateleza akikimbilia mpira, akavunjika kifundo cha mkono. Hakuna hata mmoja wetu, wala mwalimu, aliyeunganisha yale maneno ya asubuhi na ule unyevu wa alasiri. Tulikuwa na maana ya msuguano madaftarini, na msuguano wenyewe ulikuwa umetukimbia miguuni. Nilikuwa mtu mzima nilipoyaunganisha, na niliona uchungu.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakizungumzwi: haya. Kukisia hadharani ni kukubali kwamba waweza kukosea hadharani, na katika madarasa mengi kukosea huchekwa. Hata mabingwa wameshindwa na haya. Tarehe 2 Machi 1962, Wilt Chamberlain alifunga pointi 100 katika mchezo mmoja wa ligi ya Marekani, rekodi ambayo haijavunjwa. Usiku ule aliingiza mirusho ya adhabu 28 kati ya 32, akirusha kwa mikono miwili kutoka chini, katikati ya magoti. Msimu ule aliingiza asilimia 61, kiwango kizuri kuliko chochote alichokipata katika misimu yake mingine. Rick Barry, mchezaji mwingine wa Marekani aliyerusha hivyo hivyo katika miaka yake yote ya kulipwa, aliingiza karibu asilimia 90. Mrusho huo una sifa zake kifizikia: mikono miwili hufanya kitendo kimoja kilicho sawa pande zote, na mpira hufika ukiwa laini, unazunguka kinyumenyume, hivyo ukigusa ringi hautupwi mbali. Chamberlain aliuacha, na baadaye alikiri kwamba aliona haya kurusha vile. Ushahidi ulikuwa mkononi mwake, akauweka chini kwa sababu ya macho ya watu. Mwalimu akiwasimulia watoto habari hii, kisha akawaambia warushe mara kumi kwa namna ya kawaida na mara kumi kwa ile ya chini na kuandika matokeo, atakuwa amewafundisha zaidi ya fizikia. Na namwomba mwalimu akosee yeye kwanza. Akisie mbele yao, akose, aandike kosa lake ubaoni. Darasa litapumua.

Wapo watakaosema kwamba watoto ni wengi na kipindi ni kifupi. Ni kweli, darasa nililoliona lilikuwa na watoto hamsini na wanane. Lakini kukisia hakuhitaji mpira kwa kila mtoto. Mmoja hurusha, hamsini na saba hufikiri. Wazazi nao wamechoshwa na orodha za vitu vya kununua tangu mtaala huu wa umilisi uanze, na wana haki. Hapa hawadaiwi kitu: karatasi kuukuu, kadibodi, uzi, rula, na pakacha kutoka sokoni Kongowea.

Linaloniumiza zaidi liko mbele ya watoto hawa. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala huu waliingia Gredi ya 10 na kugawanywa katika mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati upande mmoja; sayansi za jamii upande wa pili; sanaa na sayansi ya michezo upande wa tatu. Naelewa haja ya kuchagua. Lakini nimeshawasikia wazazi hapa Mombasa wakiutaja mkondo wa michezo kama mahali pa waliotupwa, na ule wa sayansi kama mahali pa wenye akili. Watoto watalisikia hilo mapema, na mvulana wa mkono usiokosa atajihesabu upande mmoja, msichana wa dawati la nyuma upande mwingine, kila mmoja akiwa na nusu ya kitu kimoja. Timu za Mamlaka ya Bandari, za wanaume na za wanawake, zimekuwa miongoni mwa vigogo wa mpira wa vikapu nchini kwa miaka mingi, na ukumbi wao uko hapa hapa Makande. Sijui kwa nini somo la sayansi lisifanyiwe pale mara moja kwa muhula, watoto wamekaa pembeni na karatasi, wakihesabu ni mirusho mingapi imepandishwa na mingapi imetunguliwa, na ipi imeingia zaidi.

Kabla ya kengele, mwalimu wa Kisauni aliwaachia swali la Alhamisi. Mpira wa kweli, ule mmoja wa shule, utajazwa upepo asubuhi na kupimwa mdundo. Kisha utaachwa juani hadi saa sita mchana na kupimwa tena. Utadunda zaidi, kidogo, au sawa? Hewa iliyofungiwa ikipata joto husukuma zaidi, na mpira mgumu hurudisha sehemu kubwa zaidi ya kile ulichopewa, lakini hakuwaambia. Aligawa karatasi. Msichana aliandika upesi akapeleka mbele. Mvulana aliandika, akasoma alichoandika, akakifuta. Kengele ilipolia wenzake walikimbia nje, yeye akabaki kwenye dawati, akaomba karatasi nyingine, akasema jibu ni lile lile ila sababu imebadilika.